Nikifika Pemba mwezi wa kumi na mbili, niende kwa mama mdogo tuliyemsusia?

BintiMicheweni (London)

Assalaamu alaykum wote. Swali langu ni moja, ila halifahamiki bila ya kisa chake. Nivumilieni.

Mimi ni Mpemba, kijiji kimoja njia ya Micheweni. Niko London ya kaskazini tangu 2011. Nilipofika sikuwa na mtu. Walionipokea ni Wabarawa, watu wa pwani ya Somalia wanaosema Chimwini. Mara ya kwanza kumsikia mama wa Kibarawa akimgombeza mwanawe kituo cha basi niligeuka mbio, nikadhani ni mtu wa kwetu. Chakula wao wanakiita chakuja, maji wanayaita maayi. Siku ile ile nililala kwake nimeshiba.

Juni 2013 kituo chao cha Muswell Hill, pale watoto walipokuwa wakisomeshwa Kurani, kilichomwa moto usiku. Zilikuwa zimepita wiki mbili tu tangu yule askari wa Kiingereza auawe Woolwich, huku huku London, na watu wawili waliodai wanawalipia kisasi Waislamu, na sisi tuliovaa mitandio tulikuwa tukipita njiani kwa hofu. Kituo kiliungua chote. Ramadhani inakaribia, watu hawana pa kufuturu pamoja wala pa kusali tarawehe. Waliofungua mlango wao ni Mayahudi wa sinagogi ya Finchley.

Sikuwahi kuingia sinagogi maishani mwangu. Nilikwenda kwa sababu mwenyeji wangu alinivuta mkono. Majira yale Magharibi ya London ni saa tatu na dakika ishirini usiku, kwa hivyo tulifika bado jua linawaka. Mlangoni mzee wa Kiyahudi ameshika karatasi na kalamu ya risasi, anatuuliza kibla kiko upande gani. Alichora mshale, kisha yeye na wenzake wakaanza kuhamisha viti, kimoja kimoja, mpaka nafasi ya safu ikapatikana. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe akaniuliza kama saa kumi na nane bila ya maji si nyingi. Nikamwambia nimeshazoea. Akanishika kiwiko, akaniketisha karibu na feni.

Mwaka uliofuata baba yangu akafariki Pemba. Karatasi zangu za kukaa hapa zilikuwa bado hazijatoka, nikitoka, sirudi. Wanawake wa Kibarawa walijaa chumbani kwangu, wakasoma khitma, wakapika. Yule bibi naye akaja kwa basi na kikapu. Ndani mna mayai ya kuchemsha na mkate. Akanieleza kwamba kwao mfiwa hukaa nyumbani siku saba, na chakula cha kwanza baada ya maziko lazima kitoke kwa majirani, na mayai hayakosekani. Akakaa nasi chini kwenye zulia, na goti lake lilikuwa linamuuma. Alikaa mpaka Isha.

Sasa kwetu siku hiyo hiyo. Baba alizikwa baada ya Alasiri. Walioshuka kaburini ni watatu: kaka yangu, mwalimu wa chuoni, na baba mdogo, mume wa mdogo wake mama. Baba alikuwa mtu wa CUF, chama cha upinzani, tangu 1992, baba mdogo CCM damu, chama kinachotawala. Lakini ile ilikuwa miaka ya maridhiano. Rais Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walikuwa wameshakutana Novemba 2009, na Julai 2010 Wazanzibari karibu theluthi mbili tukapiga kura ya ndiyo kwa serikali ya umoja wa kitaifa. Watu walikunywa kahawa baraza moja. Kaka alinisimulia kwenye simu jinsi baba mdogo alivyomlaza baba kwa ubavu wa kulia mwanandani, akamfungua kamba ya sanda kichwani kwa mkono wake, akalia mle mle.

Kisha ukaja 2015. Uchaguzi wa Zanzibar ukafanyika Oktoba 25, ukafutwa Oktoba 28, ukarudiwa Machi 20, 2016, na chama chetu kikaususia. Baba mdogo alikwenda kupiga kura. Kosa lake hilo.

Nyinyi wa Pemba mnajua yaliyofuata. Duka halimuuzii sukari. Gari ya abiria ikimkuta njiani inampita. Salamu yake haijibiwi. Mwezi wa Mei akafa. Kaburi lilichimbwa na wanawe na watu wanne waliokuja na gari kutoka Chake. Hakuna aliyepeleka kuni wala jamvi. Mama yangu hakuvuka njia kwenda kumshika mkono mdogo wake wa tumbo moja, na nyumba zimetengana kwa mnazi mmoja na banda la mbuzi. Kaka alisema atakayekwenda asirudi.

Nami sikupiga simu. Na kabla ya hapo, mwezi wa Aprili, nilimtumia mama pesa nikarikodi sauti, nikasema isivuke njia hata shilingi moja. Sauti hiyo mama mdogo aliisikia. Nilimwambia hivyo mtu aliyemlaza baba yangu kaburini, nami nimekaa mji ambao Myahudi alinihamishia viti nisali.

Safari yangu ni mwezi wa kumi na mbili, 2024, ya kwanza tangu nitoke. Mama mdogo yu hai, mjane. Siku hizi watu wanasalimiana, lakini nyumba zetu mbili bado. Mwakani uchaguzi tena. Kaka ameniambia waziwazi: ukenda kule, usije kwangu. Niende? Na nikenda, naanzaje?

---

Mzee wa Ruwi (Muscat)

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi nimetoka Unguja 1964, nina miaka tisa. Baba yangu alikuwa na duka dogo Bumbwini. Usiku ule wa Mapinduzi aliyetuficha ni jirani yetu, mtu wa Afro-Shirazi, chama cha waliopindua, anajulikana. Tulilala siku tatu katika banda lake la mbata, na mpaka leo nikinusa nazi kavu nakaa kimya. Mkewe alikuwa akituletea uji kwenye ndoo ya kutekea maji, ili wanaopita wasishuku.

Tulihangaika, tukaishia huku baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi. Nilikuwa nikisema kila mwaka: nitakwenda kumshukuru yule mzee. Kulikuwa na uzito nyumbani. Baba hakutaka hata Bumbwini itajwe; kwake yeye wote walikuwa wamoja. Nikaenda 1996, baba ameshafariki. Nilimshonea jirani yetu kanzu, nikaibeba. Nikaonyeshwa kaburi chini ya mwembe, lina miaka minane. Kanzu nikampa mwanawe. Ilimpwaya.

Wewe unayemdai radhi bado anapumua. Kata tikiti.

---

Kijana wa Wete

Dada, nimesoma mara mbili na nimeumia, lakini usitoe picha kwamba sisi wa kule ndio tulioharibika na Wazungu ndio wema. Ulikuwa wapi mdogo wangu alipokwenda mara tano kuomba barua ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, akaambiwa kila mara karatasi zimekwisha, na mtoto wa jirani wa chama kile anapata asubuhi anayoomba? Bila kitambulisho hupigi kura. Unakuwa mgeni katika kisiwa alichozikwa babu yako.

Januari 27, 2001 nilikuwa na miaka kumi na moja. Watu waliandamana wakapigwa risasi, hapa Wete, na huko kwenu Micheweni. Zaidi ya watu thelathini walikufa. Hatuna bunduki, hatuna redio, mahakama hazitujui. Tulichokuwa nacho ni kukataa kununua, kukataa kuuza, kukataa kuitikia. Silaha ya mnyonge. Sikuona haya 2016 na sisemi uongo kwamba naona haya leo.

Ila maziko, hapo sina la kusema. Babu alikuwa akitufundisha kwamba maiti hana chama. Mimi mwenyewe mwaka ule nilikaa barazani jeneza likapita, nikaangalia simu. Jeneza la mtu aliyenifundisha kusoma darasa la pili. Nakuandikia hili kwa sababu sijawahi kulisema.

Kwa mama mdogo nenda. Usimwambie tu kwamba kususia kulikuwa upumbavu, maana utakuwa unamsema mama yako pia, na alikuwa na sababu zake.

---

BintiMicheweni

Kaka wa Wete, nimekusikia, na sikukusudia kukuhesabia ubaya. Marehemu baba alikuwa miongoni mwa walioingia msituni siku ile ya 2001, amerudi baada ya siku nne hana kiatu. Dhuluma naijua. Ninachoshindwa kulala nacho ni kwamba aliyetupiga risasi hatukumfikia, tukamfikia baba mdogo.

---

Mwana wa Shimoni (Kwale, Kenya)

Dada, niruhusu mimi Mkenya niseme, kwa sababu watu wenu wa 2001 walishukia kwetu. Walikuja kwa mashua na ngalawa, nguo zimerowa, zaidi ya elfu mbili kwa jumla. Nyumba yetu ya vyumba vitatu ilipata kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na jeraha begani lililofungwa kwa kipande cha tanga. Mamangu alichemsha maji ya chumvi, akamwosha kila asubuhi. Hakuna aliyeuliza wametoka chama gani. Lugha ni moja, Kivumba chetu na Kipemba chenu ni ndugu, na wavuvi wa Pemba wamekuwa wakipiga dago, yaani kambi ya uvuvi, kwetu tangu zamani. Kijiji kizima kilipika. Nilijivunia sana watu wetu.

Lakini miaka minne tu nyuma, Agosti 1997, ilikuwa vita vya Likoni. Vijana walivamia kituo cha polisi, kisha wakawageukia wabara: Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu. Kwetu alikuwako Mkamba mwenye duka, alitukopesha unga miaka yote niliyosoma shule ya msingi. Aliondoka usiku, godoro kichwani, mkewe ameshika watoto. Hakuna mtu wetu aliyemsindikiza hadi barabarani. Babangu alifunga dirisha. Babangu huyo huyo aliyewalaza Wapemba kumi na mmoja sebuleni!

Nilimuuliza nilipokuwa mkubwa. Alifikiri sana, akaniambia: Mpemba alikuja na nguo mbichi, hana anachokitaka kwangu ila ugali. Yule Mkamba alikuwa na hatimiliki ya shamba ambalo babu yangu alilima bila karatasi.

Nawaza kuhusu wale Mayahudi wako. Sisemi wema wao ni wa uongo, hata kidogo. Lakini wewe hukuwa na shamba wanalolitaka, wala wao hawakuwa na kitambulisho chako mkononi. Pengine huko Finchley pia kuna jirani ambaye hawasemezani naye kwa ajili ya ukuta au urithi, wewe hujaambiwa.

Na hata sisi, wema wetu kwa Wapemba ulikuwa wa jikoni tu kwa muda mrefu. Jirani yetu mmoja baba yake alikuja dago kabla ya uhuru, akaoa hapa. Yeye kazaliwa Kenya na hana kitambulisho, hawezi kufungua akaunti ya benki, askari wakija anajificha kwenye mikoko. Ni 2023 ndipo serikali ilipowatambua Wapemba kuwa kabila la Kenya. Tulikula naye sikukuu zote na hatukuona kwamba anakosa kitu.

Mkamba wetu nimemtafuta. Yuko Machakos, mzee sana. Nimezungumza na mwanawe kwa simu, mara moja.

---

Mama Nassra (Mkoani)

Mwanangu, wenzangu wamesema makubwa, mimi nitakwambia la kufanya. Nimeolewa Pemba kutoka Unguja, mume wangu chama kile, wakwe zangu chama hiki, kwa hivyo haya nimeyaishi.

Usimpigie simu kwanza. Simu inawekwa sauti kubwa, watoto wanasikia, na yeye atalazimika kukujibu mbele ya watu. Nenda mwenyewe.

Nenda siku ya kwanza, kabla hujafungua sanduku. Ukikaa siku tatu kwa mama yako ndipo uende, atasema umekwenda kwa kuwa umekosa la kufanya. Mwambie kaka yako kabla, kwa mdomo wako, asije akasikia dukani. Usimwombe ruhusa, mwambie tu. Mama yako mwambie: nakwenda, ukitaka tufuatane, hutaki sikulazimishi.

Usipeleke zawadi kubwa ya Ulaya. Utaonekana unanunua. Sukari, majani ya chai, kanga doti moja. Pita uani, usipite mlango wa mbele kama mgeni. Ukimkuta na kazi, ishike. Na maneno yawe machache: "Mama, sikukushika mkono kwa baba mdogo. Nimekuja." Habari ya ile sauti usiifukue mwanzo, akiitaja yeye, usijitetee. Siasa usiiguse hata akikuchokoza.

Na utoe ubani wa matanga, hata kama imepita miaka. Kidogo, kwenye karatasi iliyokunjwa. Huo ni mkono wa mfiwa, hauchelewi.

---

BintiMicheweni

Nimerudi London juzi. Nawadai majibu, maana wengine mmeniandikia kando mkiuliza.

Nilimwambia kaka uwanja wa ndege wa Chake, alipokuja kunipokea. Hakugombana. Aliendesha mpaka kijijini bila neno, akashusha sanduku langu kwa mama, akaondoka. Mama alikuwa jikoni, nikamwambia. Akaendelea kukuna nazi. Nikatoka peke yangu na kikapu, nikapita nyuma ya banda la mbuzi.

Ni msimu wa karafuu. Mama mdogo alikuwa uani amekaa juu ya jamvi, rundo la karafuu mbichi mbele yake, anachambua. Amekonda, na jicho moja lina ukungu. Nikasema yale maneno kama Mama Nassra alivyonipangia, ila sauti ilikatika kati. Hakunitazama. Akasogea kidogo juu ya jamvi, akanisukumia ungo. Nikakaa, nikachambua. Nimeacha kazi hiyo miaka kumi na tatu na vidole bado vinakumbuka: unashika shada, unalikandamiza kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Tulichambua mpaka adhana ya Magharibi. Mara moja tu alisema, bila ya kuinua kichwa: "Sauti yako niliifuta. Siku ile ile niliifuta." Nilitaka kujibu, nikakumbuka, nikanyamaza.

Ubani aliupokea. Aliuweka chini ya jamvi, akaukalia.

Nilimsimulia sinagogi siku ya tatu, na yule mzee wa mshale. Aliuliza kitu kimoja: kwa nini mayai? Nikamwambia bibi alisema yai ni duara, halina mwanzo wala mwisho. Akasema kwetu wangeleta mihogo.

Kaka hajaja wala hajaniaga. Siku ya Ijumaa kabla sijaondoka, mama alipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Akapakua bakuli moja zaidi, la udongo, lile la kijani lenye ufa ukingoni, akalifunika kwa kitambaa, akamwita mtoto wa kaka, binti wa miaka sita. Akamwambia peleka kule. Mtoto akauliza kule wapi, maana hajawahi kutumwa. Mama akaonyesha kwa kidevu.

Bakuli lilirudi baada ya Alasiri. Limeoshwa, na ndani mna vipande viwili vya mkate wa kumimina, vya moto. Mama alikula kimoja amesimama. Kingine alikifunika, akakiweka juu ya kabati, pale anapomwekea kaka chakula chake.